Kijani Mpaka Rasi ya Sarfaq

Katika kijiji cha Ukallit hakuna aliyewahi kumwona Avataq akizama, akiloa, wala hata kuteleza vibaya, na jambo hili lilikuwa limeanza kuwaudhi watu. Mwindaji aliyetimiza miaka hamsini anapaswa, angalau mara moja, kurudi nyumbani na mguu mmoja unaochuruzika maji ya bahari, ili wenzake wapate cha kusimulia wakati wa kahawa. Avataq hakuwapa zawadi hiyo. Alipita juu ya barafu kama kasisi apitavyo katikati ya viti vya kanisa: polepole, kwa heshima, na kila mara kwa njia ileile. Mwenda pole hajikwai, na huyu hata viatu vyake havikuwa na mikwaruzo.

Ndiyo maana watu wa taasisi ya utabiri walipofika, miaka mitatu kabla ya siku ya kisa hiki, wakitafuta mtu wa kubeba kisanduku chao, kijiji kizima kilimnyooshea yeye kidole. Kisanduku chenyewe kilikuwa cha rangi ya machungwa, kikubwa kama debe, na kilikalia viteleza vyake vidogo nyuma ya sleji. Mbwa wakivuta sleji, kisanduku kilipima unene wa barafu chini yake na uzito wa hewa juu yake, kikavirusha vipimo hadi kwenye setilaiti, navyo vikashushwa ndani ya mtambo mkubwa wa hesabu huko kusini, ule unaotabiri barafu na dhoruba za pwani nzima. Avataq hakutakiwa kujua hesabu.

"Endesha kama kawaida yako tu," aliambiwa na Solvej, mtaalamu kijana aliyekaa nyumbani kwake majira mazima ya baridi na kuondoka akiwa amenenepa kwa mattak, ile ngozi ya nyangumi yenye mafuta yake.

Na Avataq, ambaye maishani mwake hakuwahi kufanya kitu kingine isipokuwa kawaida yake, akaendesha.

Mambo mawili lazima yajulikane kabla kahawa haijamiminwa.

La kwanza ni Rasi ya Sarfaq. Kati ya Ukallit na mji ulio ng'ambo ya ghuba, rasi hiyo imejitokeza baharini kama kiwiko cha mgomvi, na chini yake mkondo wa maji haulali hata katika baridi ya kuvunja meno. Barafu ya pale inafanana na barafu nyingine zote, ina theluji juu kama nyingine zote, na ni nyembamba kama ahadi ya mlevi. Mtu wa Ukallit hapiti pale. Hapataji pia, kwa sababu barafu ina masikio, na mahali palipokwisha kumwita mtu hapahitaji kukumbushwa kwamba wapo wengine. Sleji zote huzunguka mbali. Mgeni akiuliza sababu, huambiwa kwamba upande huu una mandhari nzuri.

La pili ni Naduk. Naduk wa kwanza alikuwa mama yake Avataq, naye ndiye aliyeitwa na mahali pale, asirudi tena, Avataq angali kijana asiye na ndevu. Naduk wa pili ni binti yake Avataq, aliyepewa jina la bibi yake, na kwa watu wa huko anayerithi jina hurithi na cheo. Kwa hiyo Avataq alimwita bintiye "mama" tangu yuko kwenye nepi, na binti, mara tu alipojua kusema, alimwita baba yake "mwanangu" na kumwamuru anawe uso. Sasa alikuwa msichana wa sekondari, anasoma mjini ng'ambo ya ghuba na kulala bwenini, na kila Jumapili alipiga simu kumuuliza mwanawe kama amekula vizuri na kama bado anavaa ile soksi iliyotoboka.

Siku yenyewe ilikuwa ya Aprili, na nyumbani kwa Avataq kulikuwa na kahawa ya siku yake ya kuzaliwa. Watu waliingia, wakavua viatu, wakala keki, wakampisha anayefuata, kama desturi inavyotaka. Isipokuwa Gaba, kaka wa mke wake, ambaye alikuwa ameketi tangu asubuhi kama mtu aliyelipia kiti.

"Shemeji, hamsini! Na bado mkavu," alisema Gaba. "Mimi siku nikizikwa, jeneza litavuja. Wewe watakufuta vumbi kwanza."

"Kula, Gaba. Mdomo uliojaa hauna madhara."

"Nakula, nakula. Hii mattak kakata nani, seremala?"

"Kakata dada yako," alisema Eqilana kutoka jikoni. "Irudishe kwenye sahani."

Eqilana, mke wa Avataq, alikuwa na furaha ya namna ya ajabu siku hiyo. Kila baada ya muda alikwenda dirishani, akatazama ghuba, akatabasamu peke yake. Avataq aliona, akadhani ni kwa sababu ya miaka yake hamsini.

Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, ilitundikwa ramani ambayo taasisi ilimtumia pamoja na shukrani zake. Mwaka wa kwanza ramani ya ghuba ilikuwa na madoa mekundu na ya manjano kama mtoto mwenye surua. Vipimo vya Avataq vilipozidi kuingia, madoa yakapona moja baada ya jingine. Sasa ilikuwa kijani kitupu, na kijani maana yake pita bila wasiwasi. Kila mgeni aliisifu. Hakuna aliyeona kwamba rasi nayo imekuwa kijani, kwa kuwa macho ya watu wa Ukallit huizunguka rasi kama sleji zao.

Kisha mbwa wakanyamaza.

Si mbwa wa Avataq peke yao. Ni mbwa wote wa kijiji, ambao kwa kawaida hugombana mchana kutwa juu ya mambo yasiyo na msingi. Walinyamaza kwa pamoja, kama bweni linaposikia hatua za msimamizi. Gaba aliacha kutafuna. Katika kimya hicho simu ikalia, na ilikuwa ni Solvej.

"Kaka Avataq, heri ya kuzaliwa. Na samahani, sikupigii kwa ajili ya heri hiyo. Ni kisanduku chako."

"Kiko nje, kimepumzika. Leo sikukuu."

"Hakijapumzika. Kinapima hewa, na uzito wake unaporomoka. Dhoruba tuliyoitabiri kwa kesho jioni inafika leo. Tusingejua bila wewe. Kipimo chako kimesogeza utabiri wa pwani nzima, tumeshawaonya watu wa kusini wafunge mashua zao."

Avataq alijiona amerefuka kidogo. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, mtu haruhusiwi kumlaumu.

"Upepo utaleta mawimbi chini ya barafu," Solvej aliendelea. "Kwingine itapasuka. Nyinyi msiogope sana, ghuba yenu ndiyo imara kuliko zote. Naitazama hapa. Kijani mpaka rasini."

"Mpaka wapi?"

"Rasi ya Sarfaq. Na kuipita."

Avataq aliinua macho kwenye ramani ukutani na, kwa mara ya kwanza, akaitazama pale.

"Dada Solvej," alisema taratibu. "Pale kapima nani?"

"Wewe."

"Mimi sijapita pale hata siku moja."

"Umepima pande zote kuizunguka. Mahali pasipo na kipimo, mtambo hupajaza kwa kuwafuata majirani zake, na majirani wote wana barafu nene, basi..." Sauti yake ikapungua. "Kwa nini hukupita pale?"

"Kwa sababu barafu ni mbovu."

"Na hukuniambia? Miaka mitatu?"

"Uliniambia niendeshe kama kawaida. Kawaida ni kutopita kwenye barafu mbovu. Nani apite kwenye barafu mbovu, ili iweje?"

Kisha Solvej akasema kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi kwenye kaburi: "Tumeufundisha mtambo kwa njia za mtu asiyekosea njia. Tumeufundisha kwamba barafu mbovu haipo duniani."

Nyuma ya Avataq kitu kilianguka sakafuni. Kilikuwa kisu cha keki. Eqilana alisimama mlangoni mwa jiko, na ile furaha yake yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Naduk yuko njiani," alisema.

"Ndege zimefutwa tangu jana."

"Ndiyo. Ametoka asubuhi na Malik, kwa pikipiki ya theluji. Alitaka kukushtua, uingie sebuleni umkute ameketi kitini pako. Gaba alikuwa anamwekea kiti."

Gaba alitazama kiti alichokalia, akasimama kana kwamba kimemchoma.

"Kwa njia gani?" aliuliza Avataq, ingawa alikuwa anajua.

"Malik ana kile kifaa cha ramani. Alisema hakuna haja ya kuzunguka siku hizi. Alisema wanafuata kijani, moja kwa moja."

Malik alikuwa kijana wa mjini, hodari, mwenye adabu, aliyezaliwa ambako rasi hiyo ni jina tu. Kifaa chake kiligawiwa bure na taasisi kwa wasafiri. Huko katikati ya ghuba simu hazifiki, na kifaa chenyewe hakipokei ujumbe wa mtu yeyote. Hupokea ramani mpya tu kutoka kwenye setilaiti, kila mara vipimo vipya vikiingia. Hakisikii maneno. Kinasikia barafu peke yake.

"Paka ramani rangi nyekundu," Avataq alisema kwenye simu. "Sasa hivi."

"Siwezi. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuichora kwa mkono, tangu mwanagenzi mmoja alipochora masharubu kwenye Ncha ya Kaskazini. Mtambo unakubali vipimo tu." Solvej alikuwa anapumua kama mtu anayepanda ngazi. "Nipe vipimo kutoka pale pale, kaka. Cha kwanza mtambo utakikataa, utadhani kisanduku kimeharibika, kwa sababu unaamini barafu ni nene. Mtambo ukikataa, taa ya kisanduku itawaka nyekundu. Wewe endelea kutuma. Vilivyokataliwa ninaweza kuvirudisha kimoja kimoja, hilo ninaruhusiwa. Vikikubaliwa, taa itakuwa nyeupe."

Avataq alikuwa ameshavaa suruali ya ngozi ya dubu.

"Nakuja," alisema Gaba.

"Kwa uzito huo?"

"Nitabaki nyuma, kwenye barafu nzuri, nishike kamba. Uzito huu Mungu aliutengeneza kwa ajili ya kamba."

Mbingu upande wa kusini-magharibi ilikuwa na rangi ya sufuria iliyoungua. Hapakuwa na upepo bado, na hilo ndilo lililokuwa baya. Hewa ilikaa kimya, ikisubiri, na sauti ya viteleza juu ya theluji ilisikika kubwa kuliko inavyopaswa. Mbwa walikimbia bila kubweka. Avataq aliwaendesha kwa njia yake ya kila siku hadi pale ambapo njia hukunja kushoto kuikwepa rasi. Kisha akawaambia kulia.

Kiongozi wa mbwa aliitwa Kasisi, kwa sababu alikuwa mweusi mwenye kola nyeupe shingoni. Kasisi aligeuza kichwa kumtazama bwana wake, kwa masikitiko, kama anayesikia kufuru kutoka kwa mzee wa kanisa. Akaketi. Wote wakaketi.

"Hata mimi singekwenda," Avataq alimwambia. "Una haki."

Alijifunga kamba kiunoni, akampa Gaba ncha nyingine iliyofungwa kwenye sleji, akakifungua kisanduku kutoka nyuma yake, akaanza kutembea akikisukuma mbele, mtaimbo mkononi. Kila hatua chache aliupiga mtaimbo chini kama alivyofunzwa. Mwanzoni ulirudisha sauti kavu. Baadaye sauti ikawa nzito, kama ya mlango wa chumba chenye mtu ndani. Akalala kifudifudi na kuanza kutambaa.

Barafu ya bahari haivunjiki kama kioo. Hunepa kwanza, kama ngozi. Avataq aliihisi ikinepa chini ya kifua chake, na theluji mbele yake ilikuwa inabadilika rangi kuwa kijivu, maji yakiipanda kutoka chini. Kisanduku kilinong'ona, kikapima, kikatuma.

Taa ikawaka nyekundu.

Akasogea. Nyekundu. Akasogea tena, mtaimbo ukazama nusu kwa pigo moja. Nyekundu. Akaelewa jinsi mambo yalivyosimama: mtambo ulimwamini Avataq wa miaka mitatu kiasi cha kumkatalia Avataq wa leo. Laiti angekuwa mwongo kidogo, mzembe kidogo, angesikilizwa upesi zaidi.

Ndipo alipoiona. Ng'ambo, mbali, kwenye weupe ule, nukta nyeusi ilikuwa inakuja moja kwa moja kama mstari wa rula. Haikusita. Haikupinda. Aliinua mkono, lakini alikuwa amevaa joho jeupe la kuwindia sili, lililoshonwa kwa makusudi ili kiumbe chochote kisimwone. Alipiga kelele. Upepo, uliokuwa umesubiri tangu asubuhi, ulichagua wakati huo kufika, ukaichukua sauti yake na kuitupa nyuma kwa Gaba.

"Unasemaje?" aliitikia Gaba.

"Si wewe!"

"Rudi, shemeji! Barafu inapumua!"

Ilikuwa kweli. Chini yake barafu ilipanda na kushuka, kidogo sana, kama kifua cha mtu anayekaribia kuamka. Mawimbi yalikuwa yameingia ghubani. Avataq alifikiri juu ya mama yake, jambo ambalo hakuwa amejiruhusu kulifanya akiwa juu ya barafu tangu ujana. Hakumwona na hakumsikia. Lakini alitambua kwamba hapa alipolala ndipo alipolala mama yake, na kwamba kwa miaka yote aliizunguka sehemu hii kwa upana kuliko barafu yenyewe ilivyodai.

Akakisukuma kisanduku kadiri mikono ilivyofika, hadi viteleza vyake vikakaa juu ya maji ya kijivu.

Nyekundu.

Nukta ilikuwa imekuwa kubwa, ina vichwa viwili sasa.

Nyekundu.

Halafu nyeupe.

Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Kila kipimo kilichokataliwa kilikuwa kinarudishwa, na mahali fulani kusini mwanamke mmoja alikuwa anabonyeza kitufe kama anayepiga mlango wa nyumba inayoungua. Nukta iliendelea kuja. Avataq aliitazama bila kupepesa macho. Iliendelea kuja. Kisha ikapunguza mwendo, kama mtu aliyekumbuka amesahau kitu nyumbani. Ikasimama.

Ikageuka, ikaelekea nchi kavu.

Barafu ilipasuka kwa sauti ya nguo nzito inayochanwa. Miguu ya Avataq ikaingia majini, kisha kiuno, na ule ubaridi ulimkamata kama aliyekuwa akimngojea kwa jina. Kamba ikakaza. Gaba alivuta kwa uzito wote aliopewa na Mungu, Kasisi na wenzake wakavuta bila kuamriwa, na mwindaji mkavu kuliko wote wa Ukallit akaburutwa juu ya barafu nzuri kama sili.

"Umeloa!" Gaba alikuwa anapiga kelele huku analia. "Shemeji, umeloa! Nimekuona mimi! Nina shahidi, ni mbwa!"

Nyuma yao kipande cha barafu kilikuwa kinaachana na ghuba na kwenda zake baharini, na juu yake kitu cha rangi ya machungwa, taa yake ikiwaka nyeupe.

Naduk alifika dhoruba ikiwa tayari inagonga kuta, akipitia nchi kavu, Malik nyuma yake. Alimkuta baba yake amefungwa mablanketi, meno yakigongana. Alimtazama kwa muda. Hakuwa anatabasamu.

"Mwanangu," alisema, "nasikia umelala kifudifudi juu ya barafu ya Sarfaq. Nilikufundisha nini?"

Eqilana aligeukia ukuta. Gaba aliweka kikombe chini.

"Nisipite pale, mama," alisema Avataq.

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na nani?" Sauti ikamkatika, akawa tena mtoto wa shule, akaingia ndani ya mablanketi na viatu vyake vyenye theluji, na hakuna aliyemkemea.

Solvej alipiga simu tena. Kisanduku, alisema, kilikuwa bado kinatuma kutoka katikati ya dhoruba, mahali ambapo hawajawahi kuwa na kipimo, na utabiri wa usiku ule ungekuwa bora kuliko wowote waliowahi kutoa. Alisema hivyo bila furaha.

"Kaka Avataq, visanduku viko vijiji vyote vya pwani. Kila mahali tuliuliza: nani makini kuliko wote? Tukampa yeye. Ramani yote ni kijani. Nimewapigia, nimewauliza kama kuna mahali pabaya. Wananiambia hali ni nzuri. Wananiambia kuna mandhari."

Avataq hakushangaa. Hata yeye asingemwambia mgeni. Aliomba namba ya kijiji kinachofuata kuelekea kusini, kwa Ussarqak, mwindaji mzee ambaye, inasemekana, hajawahi kuloa.

"Ussarqak, ni Avataq wa Ukallit. Sina muda wa salamu. Niambie kitu kimoja. Ni wapi hupiti?"

Upepo ulivuma kwenye waya.

"Swali gani hilo," alisema Ussarqak hatimaye, kwa sauti ya chini. "Barafu inasikia."

"Iache isikie. Pataje."

Avataq alisikia kikombe kikiwekwa mezani, kiti kikisogezwa, na sauti ya mwanamke, mbali kidogo na simu, ikiuliza kama kuna aliyewaona watoto wakirudi kutoka barafuni.